Nyeupe au Nyekundu

Juzi fundi alinipakia rangi mbili kwenye ukuta wa sebule yangu hapa Kizwite, krimu na maruni, akaniuliza naipenda ipi. Nikamwambia aache kwanza, arudi kesho. Ngoja nikusimulie kwa nini.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, mlango ukitazama mlango. Maharage ya jirani yakiungua, tulijua kabla yake. Chumbani tulilala wanne: bibi mzaa baba, mama, mdogo wangu na mimi. Kuta zilikuwa udongo mtupu, na upepo wa Ufipa ukiingia dirishani ulitumwagia vumbi la kuta hadi kwenye ugali wa ulezi. Mdogo wangu alikohoa usiku kucha.

Amri ilikuwa moja tu: nyumba mpya ikishasiribwa ndani kwa udongo wa rangi, imekamilika, na ile ya zamani inabomolewa. Ya zamani, kule tulikotoka, aliijenga babu, naye bibi hakutaka iguswe. Basi akapaka viraka viwili kando ya mlango, kimoja udongo mweupe, kingine mwekundu, akaanza kuvilinganisha.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kukagua kila mara.

"Shikamoo bibi. Rangi bado tu?"

"Marahaba, baba. Huu mweupe unachafuka upesi, huu mwekundu unatia giza. Bado naangalia."

Kiangazi chote aliangalia, mjanja yule! Nilimcheka kimoyomoyo, lakini nilichoka pia. Kule hatukuruhusiwa kurudi, na pale kijijini hatukuwa tumetulia.

Siku moja bibi alipokwenda kisimani, mama alikoroga udongo mweupe, akasiriba chumba kizima huku analia.

"Vumbi hili litaniulia mtoto," aliniambia.

Bibi aliporudi alitua ndoo, akapitisha kiganja ukutani, pole pole, hadi kwenye kona.

"Umesiriba vizuri, mkamwana," alisema.

Kesho yake vijana wa kijiji walipita na majembe mabegani, wakielekea kule. Bibi alikaa ndani akichambua maharage.

Mdogo wangu alipona. Bibi hakukutaja kule tena mpaka tulipomzika, na mimi sikumwuliza. Siku hizi watu wakitaka kujua kwetu ni wapi, nataja kijiji kile cha mstari. Kwa babu sijui hata njia inaanzia wapi.