Uwanja wa Watu wa Kuondoka

Niliupima uwanja wetu kwa futi ya kushonea, ile ya nailoni ninayozungusha kwenye viuno vya watu. Niliiburuta kutoka ukuta wa nyuma hadi kwa jirani wa juu, nikiweka kidole pale inapoishia na kuanza upya, huku majirani wakinicheka kwamba leo naishonea ardhi sketi. Niliwaacha wacheke. Ardhi yenyewe ilikuwa imechanika kuliko nguo yoyote niliyowahi kuletewa.

Tunaishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mimi, mume wangu na watoto watatu, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyo chini ya mteremko. Tulitoka Uvira, kule Kongo, mtoto mkubwa akiwa mgongoni. Wengine wawili wamezaliwa hapa. Mvua ikinyesha, maji ya safu zote za juu yanakuja kwetu kana kwamba tumeyaalika. Msimu uliopita yalibeba bafa, yaani kile kiboma cha majani tunachoogea, kisha yakachimba chini ya ukuta wa nyuma, upande wanakolala watoto. Ufa uliobaki unaingia mkono wangu mzima. Mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba ukuta ule hautavuka msimu mwingine. Nilikuwa nawaza jambo hilo moja nikipika, nikishona, nikisali.

Mtu ataniuliza kwa nini tuliacha mambo yafike hapo. Hapa tunangoja kuhamishiwa nchi nyingine, na katika kungoja huko tumejitungia sheria ambazo hakuna ofisi iliyowahi kuzitamka. Kubwa kuliko zote ni hii: pasipendeze kwako. Anayezungushia nyumba miti, anayepanga mawe mlangoni, anayesakafia baraza, ataonekana ametulia, na aliyetulia hapandishwi ndege. Jirani wa safu ya pili alipandisha mmarakuja, yaani mpesheni, juu ya kichanja, ukazaa vizuri, na dosiye yake, faili la kuhamishwa, ikakwama. Hakuna aliyeuliza ni dosiye ngapi zimekwama za watu wasio na hata shina la mchicha. Safu nzima ilisema ni marakuja. Wiki ileile mume wangu aling'oa mpapai wetu, ukiwa na matunda mabichi, akautupa shimoni. Watoto walilia. Mimi sikumzuia, maana na mimi niliamini, nusu.

Ndiyo maana uwanja wetu ulibaki uchi miaka yote. Nilifagia asubuhi, maji yakafagia mchana.

Wazo la kuutengeneza nililipata Biwi, kule Lilongwe, nilikopeleka sare za kwaya ya kanisa moja. Kanisa lile limekaa kwenye mteremko mbaya kuliko wetu, lakini nyuma yake ardhi ilikuwa imetulia. Juu kulikuwa na mfereji wa mawe, kisha mistari ya vetiva, yale majani marefu ambayo mizizi yake inashuka chini sana, na huku karibu na ukuta kapinga, majani yanayotambaa na kushika udongo. Nilisimama pale na mfuko mtupu mkononi nikaona wivu, wivu wa kweli, kama mama anayeona mtoto wa mwenzake ameshiba. Nikauliza ile ni kazi ya nani. Wakanipa namba ya mtu wa mtaa wa Kauma anayetengeneza viwanja, anayekuja na vibarua wake mwenyewe.

Nilipompigia simu hakutaka kusema habari ya bei. Alisema kwa Kichewa, taratibu ili nimwelewe, kwamba nisimwite kwanza. Niuangalie uwanja wangu. Nijue maji yanaingilia wapi na yanataka kutokea wapi, miguu ya watu inapita wapi, jua linachoma wapi mchana, na mimi mwenyewe ninataka nini. Mtu akimwita fundi kabla ya kujua hayo, alisema, atapata uwanja wa fundi.

Basi nikaangalia. Kwa kuwa kilikuwa kiangazi, nilimwaga maji ya kufulia upande wa juu nikayafuata nimeinama, na yakanionyesha njia ambayo kwa miaka nilikuwa nairuka bila kuiona. Nilichora kila kitu kwenye karatasi ya kaki ninayokatia mitindo ya nguo. Mfereji ukaja juu, ukizunguka nyumba kwa kando. Bafa jipya nikalipangia mahali pengine. Mahali pa kuanikia nguo, mahali pa jiko, njia ya watoto kwenda shule, vyote nikavipa nafasi. Nakiri nilifurahi. Usiku nililala nikipanga mistari ya vetiva, na kwa siku chache nilisahau kabisa kuchukia mahali hapa.

Mume wangu aliiona karatasi juu ya cherehani.

"We unafanya nini na hii?"

"Napanga parsele, kiwanja yetu."

"Parsele ya nani? Siye tuko bantu ba kuondoka. Bantu ba ofisi bakikuya kuangalia, bataona mafleri, maua, bataandika: bale bameshafika."

"Baba, bantu gani? Tangu tulifika hapa, nani alishakuya kuangalia?"

"Batakuya. Mwaka kesho dosiye itatembea."

"Na ukuta?"

"Tutaweka bashe."

Nilimwambia bashe lake ajifunike yeye. Karatasi ya plastiki ndiyo izuie mlima! Nilisema na mengine ambayo siyaandiki.

Lazima niseme alivyo, ili asionekane mpumbavu. Kila siku ya kazi mume wangu hunyoa ndevu, huvaa shati lililopigwa pasi, na huenda kutazama ubao wa matangazo, pale yanapobandikwa majina ya wanaohamishwa. Anajua siku ambazo hawabandiki kitu, na siku hizo pia anakwenda. Akirudi namuuliza, "Njo habari gani?" naye anasema, "Bado, lakini mwaka kesho." Nimemcheka kwa maneno hayo mbele ya wageni. Nimemwigiza sauti mpaka watoto wakashika mbavu. Yeye hutabasamu, hutundika shati lake kwenye msumari, na kesho yake hunyoa tena.

Fundi alikuja kutazama tu, kabla hatujakubaliana kitu, amepanda kabaza kutoka barabarani, miguu ikining'inia nyuma ya baiskeli. Mume wangu alikuwa kwenye ubao wake. Yule bwana alizunguka nyumba na karatasi yangu mkononi, akaingiza mkono kwenye ufa, akatikisa kichwa. Alisema mfereji nimeuweka vizuri, bafa liende mbali kidogo zaidi. Nikajiona mtu. Kisha akasimama juu ya mteremko na kuniuliza.

"Amayi, mtakaa hapa miaka mingapi?"

Nilidhani ananichokoza. Hakuwa ananichokoza. Alieleza kwamba hilo humuuliza kila mteja, hata matajiri wa mjini wanaoishi nyumba za kupanga, kwa sababu kazi yote inatoka hapo. Kama ni mwaka mmoja, atachimba mfereji, ataegemeza mifuko ya mchanga, basi. Kama ni mitatu, ataweka vetiva na uzio wa miti, maana vinataka muda wa kushika. Kama ni zaidi, basi juu ya ukuta apande mti, mparachichi kwa mfano, mizizi yake itashikilia mteremko wote na kivuli kitafunika nyumba. Lakini huo mti si wa mtu anayehama, alisema, huyo atakuwa amempandia mwingine. Alingoja jibu kwa adabu.

Sikuwahi kuulizwa. Tumeulizwa tulitoka lini, tulipita njia gani, nani alikufa na nani alibaki. Tutakaa miaka mingapi, hilo hakuna aliyetuuliza, na sisi wenyewe ndani ya nyumba tulilikwepa. Nilimwambia zikomo, asante, nitakupigia simu.

Mume wangu aliporudi, jua bado lilikuwa kali. Alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu bila kutundika shati. Sikumuuliza habari. Nilimweleza alivyosema fundi, mfereji, vetiva, mti, halafu lile swali kama nilivyolipokea. Nilikuwa nimeshajiweka tayari. Nilijua atasema mwaka kesho, nami nilikuwa na majibu yangu, makali, yamejipanga mdomoni.

Aliutazama ukuta, akauliza.

"Ile muti ya avoka inazaa nyuma ya miaka ngapi?"

"Fundi anasema ine, ao tano."

"Apande."

Nilishinda, na sijawahi kushinda kitu nikajisikia vibaya namna ile. Nilitaka abishe. Nilitaka aikunjekunje karatasi yangu, anifokee, aseme mwaka kesho kwa ile sauti ninayoiigiza. Miaka yote hiyo niliweza kukata tamaa kwa raha zangu kwa sababu yeye hakukata. Tumaini la nyumba nzima alilibeba peke yake, akilipigia pasi kila asubuhi, na mimi nilikuwa nalichekelea kwa sababu nilijua lipo. Sasa nilimtazama usoni nikaona halipo tena, wala sikujua liliisha lini, leo kwenye ubao au zamani.

Nikaanza kurudi nyuma. Nikasema, "Baba, tunaweza weka bashe kwanza. Tungoje tuone. Dosiye inaweza tembea."

"Hapana," alisema. "Batoto balale muzuri."

Akainuka na shati lake la ubao, akaokota kipande cha tofali kilichodondoka kwenye msingi, akapanda mteremko. Alipiga hatua, akasita, akasogea kidogo, kisha akakiweka chini na kukikanyaga ili kishike. Nilimfuata. Mahali alipochagua pa kupanda mti palikuwa pazuri, ningepachagua hapohapo. Kisha akaokota tofali la pili akaliweka upande wa pili wa nyumba, mbali, ambapo hapana ufa wala maji.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza. "Mufundi alisema muti moja."

"Hii ni ya bajukuu," alisema.

Mtoto wetu mkubwa alikuwa bado darasa la sita.