Bakuli la Marehemu Ezéchias

Mume wangu Ezéchias hakuwa mpiga ramli. Wanaosema alikuwa hivyo katika maduka ya Grant Street, kule Buffalo, hawajawahi kuingia nyumbani kwetu Louisville. Alikuwa mwalimu Minembwe, kwetu Kongo, na hapa alipanga maboksi ghalani hadi mgongo ukakataa. Ndipo akajifunza kufinyanga. Katika jumba la makumbusho aliona bakuli la Waajemi la miaka mia nane iliyopita, akasimama mbele yake kama mtu aliyesahau njia ya kurudi. Akaliiga: jua lenye uso katikati, sayari zikilizunguka. Mwezi ameshika hilali yake, Zuhura anapiga zeze, Mirihi ana upanga na kichwa cha mtu mkononi.

Kosa lilikuwa langu. Wakwe walipokuja kutoka Columbus kumposa binti yetu Isimbi, niliwapa maziwa, kama tufanyavyo sisi Banyamulenge, nikayatia katika bakuli hilo. Mzee Kagabo, baba wa kijana, alikunywa taratibu. Maziwa yakashuka, na katika weupe ule akatokea Zuhura na zeze lake, kisha Mirihi na kile kichwa, mwisho jua, likimtazama. Mzee akaliweka chini kama chombo cha ramli. Waliondoka bila kutaja siku ya harusi, na wiki hiyohiyo uvumi ukawafikia wenzetu wa Buffalo.

Nilimchukua Isimbi tukaenda kwao Whitehall, pembeni mwa Columbus, bakuli mapajani mwangu. Niliwaeleza kwamba mafundi wa zamani waliamini nyota huleta heri. Marehemu hakuamini hivyo. Alizipenda tu, akisema zinazunguka polepole kama ng'ombe wetu mlimani wakati wa ukungu.

Kagabo alisikiliza hadi mwisho. "Mama Isimbi, livunje hapa, tupange siku."

"Nikilivunja, nitakuwa nimekubali kwamba alikuwa mchawi. Silivunji."

Isimbi alinitazama, machozi yakimlenga. Sikugeuka.

Nyirangabo, mama mzee wa Kagabo, akaomba atiliwe maziwa humo. Alikunywa yote, akalisogeza bakuli karibu na macho yake mabovu, akafuata kwa kidole umbo la Zuhura.

"Huyu dada anapiga zeze peke yake," akasema, "na ninyi mnagombana. Kagabo, baba yako alinioa, na zeze alilipiga vibaya kuliko huyu."

Kagabo alicheka kwanza, ndipo akataja siku.

Siku yenyewe wanaijua wanaohusika. Wa Buffalo wasinipigie simu. Sina neno la kuongeza.