Sabuni Ambayo Sikuionja

Mtaani kwetu Gitega, wa kwanza kubuni vitu vya nyumbani alikuwa shangazi yangu. Alianza na kifuniko cha sufuria kinachozuia maharage kufurika, kisha fagio la kufikia utando wa buibui darini, halafu sabuni ya mafuta ya parachichi. Mimi, mwenye shahada ya kemia na bila kazi, nilikuwa mpimaji wake.

Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nilikuwa nikipima soda kali, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, tukaitwa kwenda kufyeka nyasi. Niliporudi mzani ulikuwa umejizima. Nikauwasha, ukasoma sifuri, nikamimina soda. Jioni ndipo nikajiuliza: bakuli lilikuwa tupu kweli? Mzani ule ukiwashwa husoma sifuri hata bakuli likiwa na kitu. Na soda ikizidi, sabuni huunguza ngozi.

Kipimo cha mwisho cha shangazi ni ulimi: sabuni mbaya huuchoma. Kazi hiyo aliniachia mimi. Wiki nne, sabuni ikikauka ubaoni, nilivinusa vile vipande, nikavikwaruza kwa ukucha, nikajihakikishia, nikajikanusha. Kuonja sikuthubutu. Shangazi alipouliza, nilisema nimeonja.

Asubuhi moja akaniambia, "Jirani nimempa kipande. Anaogesha kichanga chake."

"Kipande cha siku ya umuganda?"

"Ndiyo. Kwani iko nini?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Hakunikemea. Alichukua kipande kingine ubaoni, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Kimbia!"

Nilimkuta jirani uani, mtoto yuko ndani ya beseni, povu limejaa viganjani mwa mama yake. Nikampokonya sabuni.

"Yewe! Mwizi wa sabuni mchana kweupe!" akacheka. "Sha, hata kuomba hujui?"

"Umeshampaka?"

"Bado, nimeanza na mikono yangu..." Akaitazama mikono yake. Ilikuwa imeiva kwa wekundu. Kicheko kikaisha.

Shangazi akafika akihema. "Kosa ni letu, mama mtoto. Lete mikono." Akaimwagia maji, jagi baada ya jagi.

Mimi nilimtoa mtoto majini, nikamkagua shingo, makwapa, katikati ya vidole vya miguu. Sikuona wekundu. Akalia kwa nguvu zake zote.

"Mfunike basi, anasikia baridi!" jirani akanifokea.

Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimeshaanza kumkagua upya, kutoka shingoni.