Jineri Itafufuka

Mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba jineri itafufuka. Nimewasikia watu wakisema mzee alidanganywa na wenye mradi, na wengine wakisema uzee ulimfanya asikie alichotaka kusikia. Wote wamekosea. Baba alisikia nilichosema, neno kwa neno.

Jineri ilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, kando ya mto, upande wa chini wa soko letu. Baba alikuwa fundi wa roli, yale magogo yaliyovikwa ngozi ambayo hushika nyuzi za pamba na kuziachanisha na mbegu. Kiwanda kilifungwa kabla sijaanza shule. Mabati yakaliwa na kutu, popo wakahamia ghalani, na mbuzi wa kijiji kizima wakapata mahali pa kulala mchana. Hata hivyo, kila Jumapili akitoka kanisani, baba alipitia pale na suti yake, akachungulia dirishani kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa. Mama, alipokuwa hai, alimtania kwamba ameoa wake wawili, na mke mkubwa ni wa chuma.

Kisha likajengwa bwawa huko chini. Mto wetu, ambao sehemu kubwa ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu, ukaanza kukaa na maji hadi kwenye ukuta wa nyuma wa kiwanda. Hapo ndipo wageni walipoanza kupaona kuwa pazuri. Walikuja na darubini zao za kupimia ardhi, wakapiga picha, wakachora mji mpya: fleti, maduka, stendi ya magari, na njia ya kutembea kando ya maji. Sikuona ubaya wowote. Nilikuwa nimechoka na popo.

Waliniajiri kuandika barua zao na kuwatafsiria kwenye mikutano. Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya kanisa. Mhubiri mgeni akija, mimi ndiye niliyesimama kando yake na kuyageuza maneno yake kuwa Kikamba, na nilisifiwa kwa kuwaliza waumini hata siku ambazo mhubiri mwenyewe alikuwa amepoa kama chai ya jana. Kichwa kilikuwa kimenivimba, nakiri.

Mkutano wa kuwauliza wananchi maoni yao ulifanyika Septemba, pale pale uani mwa kiwanda. Baba aliketi mstari wa mbele, kofia kichwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini tu: lete, shika, zima. Mengine yote alinitegemea mimi. Mkubwa wa mradi, bwana mpole kutoka mkoa wa Kati, alisimama akasema, "Wazee wetu, hii site imekufa. Sisi tunakuja ku-revive hii place yote, from the river mpaka kwa barabara."

Sasa, kwetu hakuna mtu aliyewahi kusema "site". Uwanja ule, kisima chake, njia yake, hata duka la kona, vyote viliitwa Jineri. Na hilo "revive" lake ningeweza kulitafsiri kwa njia nyingi za kawaida. Nilichagua lile tunalolitumia Pasaka, la kaburi tupu, kwa sababu lilikuwa tamu mdomoni. Kwa hiyo kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa hiki: Jineri ilikufa, na sasa itafufuka, yote, kutoka mtoni mpaka barabarani.

Makofi yalilipuka. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nikamtazama baba, nikaona amevua kofia na kuiweka magotini, kama afanyavyo wakati wa maombi, na papo hapo nikajua amesikia nini. Nafasi ya kusahihisha nilikuwa nayo. Yule bwana alikuwa anakunywa maji. Ningesema tu: wazee, simaanishi mashine. Lakini makofi yalikuwa bado yanaendelea, na yalikuwa yangu. Nikanyamaza. Tulipoomba wanaokubali wainue mikono, baba aliinua yote miwili.

Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Mwaitu, zile nyumba kwenye picha ni za wafanyakazi?" Aliniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Ni za watu, baba," nikajibu.

Mvua za Novemba zilipokaribia, aling'oa mbaazi zote. Alisafiri hadi Ikutha kwa mzee waliyefanya naye kazi zamani, ambaye bado alikuwa na kishamba cha pamba, akarudi na mbegu. Akapanda pamba shamba lote, hata ule ukanda wa ndengu karibu na jiko. Mimi nilikuwa nimepanga chumba sokoni, na nilipofika nyumbani ilikuwa imeshafika magotini. Nilisimama kwenye mistari ile iliyonyooka.

"Baba, kile kiwanda watakibomoa," nikasema. Hayo tu ndiyo niliyoweza kuyatoa.

"Lazima," akanijibu, bila kuacha kupalilia. "Kaburi si hufunguliwa kwanza?"

Neno hilo nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe. Nikala chakula chake, nikaaga, nikarudi sokoni. Nilijiambia nitamweleza Krismasi. Krismasi ikapita.

Pamba ilipasuka ikawa nyeupe mwezi ule ule tingatinga lilipofika. Siku ya tatu ya kubomoa, askari wa getini alikuja ofisini. "Madam, kuna mzee hapa na punda. Anasema ameleta mzigo."

Nilimkuta amevaa koti lake la kazi. Gunia lilikuwa limefungwa vizuri juu ya punda, limeshonwa mdomo kwa kamba mpya. Nyuma yangu ukuta wa ghala ulikuwa unaanguka, na vumbi likatufikia sote wawili. Nikamwambia hapo hapo, kwa Kikamba kisicho na mapambo yoyote, kwamba hakuna jineri itakayofunguliwa, kwamba nilitafsiri vibaya.

"Yule mkubwa alisema nini?" akauliza. Nikayarudia maneno ya yule bwana, moja moja.

"Na wewe ulijua lini kwamba tumesikia vingine?"

"Siku ile ile, baba."

Alitikisa kichwa polepole, akageuza punda. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Hadi leo natamani angenitukana mbele ya yule askari, nikalia, yakaisha.

Mwaka ule hapakuwa na mbaazi wala ndengu nyumbani, na majirani wawili waliomfuata baba kupanda pamba waliacha kuniitikia salamu. Magunia yalikaa chumba cha mbele hadi panya wakazaa humo. Baba alipungua mwili. Alizungumza nami kuhusu mvua, kuhusu punda, kuhusu mahubiri, kwa upole ule ule, na mimi niliutafuta ule ukali chini yake nisiupate.

Mji mpya ukakamilika. Siwezi kusema ni mbaya. Jioni watu hutembea kando ya maji, na maharusi huja kupigwa picha hadi kutoka Mukuyuni. Mashine moja ya zamani waliipaka rangi nyekundu na kuisimamisha kwenye mzunguko wa barabara kama pambo. Nilimpeleka baba kuiona, nikitumaini sijui nini. Aliizunguka mara moja. "Roli wameiweka kinyume," akasema, kisha akaomba turudi.

Mwaka huu alilazwa. Daktari alikuwa kijana mgeni wa sehemu zetu. Alikuja asubuhi na karatasi mkononi, akasimama miguuni pa kitanda na kusema, "Mzee, results zimerudi, na kusema ukweli si nzuri. Cancer imespread sana." Akanitazama, akisubiri nitafsiri. Nikavuta kiti karibu, nikafungua mdomo.

Baba aliniwekea mkono juu ya mkono wangu. Mkono wake ulikuwa na joto. Akageuka kwa nesi, Mkamba mwenzetu, aliyekuwa anabadilisha shuka kitanda cha pili.

"Binti yangu, njoo uniambie wewe," akamwambia. "Mwaitu ananipenda. Hunitafsiria maneno mazuri."

Nikainuka kwenye kiti nikampisha. Nesi akaketi, akamweleza yote, na baba akamshukuru.