Gurudumu Lililotupita Barabarani

Mmeshawahi kupitwa na gurudumu lisilo na gari? Mimi limenipita, na nikacheka.

Nilikuwa kiti cha mbele, pochi mapajani. Nikaona gurudumu kubwa la gari la porini linatupita kushoto, linakwenda zake kama lina miadi.

"Jamani, kuna mtu kaangusha tairi," nikasema.

Kumbe mtu mwenyewe ni sisi.

Trela tulilokuwa tunalivuta likainama, likaanza kusaga lami, cheche nyuma kama kwa fundi wa kuchomelea. Viti vya plastiki vikamwagika njia nzima. Gurudumu likaruka mtaro, likagonga ukuta wa kinyozi. Mteja akatoka mbio na kitambaa shingoni, kichwa nusu kimenyolewa.

Lingemkuta mtoto pale, leo ningekuwa nasimulia msiba.

Mwanangu mkubwa ndiye aliyeshika usukani. Hata gari hajazima, akamgeukia mdogo wake kiti cha nyuma.

"Nilisema! Si nilisema? Leo hii unahama!"

Ngoja niwarudishe asubuhi ya siku hiyo mnielewe.

Mkubwa anakodisha viti vya shughuli. Trela lake lilikuwa na vigurudumu vidogo, mvua ikinyesha vinazama. Akapata magurudumu mawili ya gari la porini, mapana, matundu yake yakakubali bolti za trela. Wakagawana kazi: yeye kushoto, mdogo kulia.

Mkubwa ni mtu wa usafi. Alikwangua kutu, akapaka rangi ya fedha kwenye kitovu, pale gurudumu linapokaa. Akarudia mara ya pili mpaka pakang'aa. Kisha akafunga.

Mdogo, tunamwita Chapuchapu, alisugua kwa brashi ya waya, akafunga, akakaza, huyo akaenda kunywa chai.

"Umelipua kazi," kaka mtu akamwambia. "Hili likichomoka, wewe na mkeo mtafute pa kulala. Nimechoka."

Mke wa Chapuchapu alikuwa na mimba kubwa. Walikaa chumba cha uani, kwa huyo huyo kaka.

Sasa pale barabarani mkubwa anafoka, wapita njia wanatuokotea viti. Wengine walishavikalia, wanatazama.

"Shuka kwanza uangalie, baba," nikamwambia.

"Niangalie nini, mama? Kazi ya huyu naijua!"

"Mimi nimeliona limepita kushoto."

Akashuka.

Gurudumu la Chapuchapu limesimama wima. La kushoto ndilo halipo. Mkubwa akapapasa kitovu, kiganja kikatoka na rangi ya fedha.

"Haijakauka," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Mimi si fundi, lakini nilielewa. Nati zilibana rangi, hazikubana chuma. Rangi ilipominywa ikatoka pembeni, nati zikapata nafasi, zikajifungua moja moja.

Nilisubiri aseme neno. Akapangusa kiganja kwenye suruali.

"Haya, lete jeki."

Basi. Ndilo neno lenyewe.

Chapuchapu akaileta. Akakwangua ile rangi yote mpaka chuma kikaonekana. Nati tuliyoiokota njiani ilikuwa moja tu. Mbili akazitoa upande wake, akafungia gurudumu la kaka yake lililorudishwa kutoka kwa kinyozi. Tukarudi nyumbani kwa mwendo wa kinyonga, nami moyoni nasema, alhamdulillahi, yameisha.

Yameisha wapi!

Nikapita uani, nikamkuta Chapuchapu anafunga godoro kwa kamba. Mkewe amekalia ndoo, anakunja nguo, machozi yanamtoka bila sauti.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Si imeonekana kosa si lako?"

"Leo imeonekana, mama. Kesho mtoto wangu atazaliwa humu. Kikombe kikivunjika atageukiwa yeye, na hakutakuwa na rangi ya kuonyesha."

Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Nilimkazia macho. Sema, mwanangu, sema. Hakusema.

Wajukuu zangu mnaosoma haya, kitu kikiharibika msigeuke kumtafuta mtu mkiwa bado mmekaa garini. Shukeni kwanza. Na mkikuta kosa ni lenu, jeki isiwe neno la kwanza.

Mtoto alizaliwa huko walikohamia, wa kike, mashavu haya! Sasa anatambaa.

Baba yake mkubwa bado hajambeba.