X Nyekundu Nilizopiga Kabla ya Mkutano wa Barabara

Ilianza Jumatano, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa na kopo la rangi nyekundu mkono mmoja na brashi mkono wa pili, na niseme mapema kwamba mpaka leo nikipita njiani watoto wa darasa la pili wanakutanisha mikono yao kifuani kama X, wananionyesha halafu wanakimbia, kwa hiyo kama na wewe unataka kunicheka, panga foleni.

Barabara yetu ya huku Unyambwa inakarabatiwa, na kabla ya mashine kuja wataalamu walitoa mafunzo ya mazingira ya siku mbili pale ofisi ya kata. Kila mtaa ulitakiwa kupeleka watu watano, mmoja wao awe kijana wa kike. Mwalimu wangu wa jiografia akanitaja mimi, si kwa sababu naongea sana (darasani nikijibu swali hata niliyekaa naye dawati moja hasikii) bali kwa sababu ya mwandiko wangu. Madam Rehema, mtaalamu wa mazingira wa mradi, alitufundisha vizuri jamani, mitaro isimwage maji kwenye shamba la mtu, vumbi limwagiwe maji, kifusi cha kujazia barabara kisichimbwe popote tu, na wananchi wasikilizwe kabla, siyo baada. Tukachora ramani ya mtaa wetu kwenye karatasi kubwa, na kila kitu kisichotakiwa kuguswa tukakiwekea X kwa kalamu nyekundu. Zilikuwa sita. Ya kwanza ilikuwa kisima cha bondeni, kwa sababu mkandarasi alitaka kuchimba kifusi kwenye kilima kilicho juu yake, na mvua ikinyesha udongo wote ule unashuka kisimani, na hicho ndicho kisima peke yake ambacho hakikauki mwezi wa kumi.

"Wewe ndiye utakayesoma orodha kesho kwenye mkutano wa mtaa," Madam Rehema akaniambia. "Fomu ya maoni ya wananchi inasainiwa palepale. Kisichosemwa mkutanoni hakitakuwemo."

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawaza kusimama mbele ya mtaa mzima, nikajigeuzageuza kitandani mpaka nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili nyingi: kama alama zile zitakuwa kwenye vitu vyenyewe, wahandisi wakipita kabla ya mkutano wataziona, na hakuna atakayehitaji sauti yangu. Ndiyo nikachukua rangi aliyobakiza baba alipopaka mlango wa stoo, nikatoka kabla watu hawajaamka, nikapiga X kwenye jiwe la kisima, kwenye mkuyu ulioegemewa na kibanda cha vitumbua cha Mama Pili, kwenye mti wa mizinga ya nyuki ya Mzee Ntandu, na (Mungu anisamehe) kwenye kaburi la baba yake Mzee Ntandu, ambalo liko karibu sana na barabara. Na nyingine mbili. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, nikalala tena.

Sasa wewe unayesoma najua umeshashika kichwa. Nchi hii X nyekundu kando ya barabara ina maana moja tu, na hata mtoto anayetambaa anaijua: bomoa. Na mimi naijua! Lakini siku mbili nzima nilikuwa nimeiangalia kwenye karatasi ikimaanisha usiguse, basi kichwa kikageuka na mimi nikageuka nacho.

Saa tatu asubuhi Mama Pili alikuwa ameshaezua kibanda chake, maana watu hawasubiri tingatinga, likishapita mabati hayafai tena hata kufunikia banda la kuku. Saa tano Mzee Ntandu akahamisha mizinga mchana kweupe, kazi ambayo yeye mwenyewe ndiye huwafundisha wenzake kwamba inafanywa jioni na moshi mkononi. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa napiga pasi sare ya shule nipendeze.

Saa nane uwanja wa ofisi ya mtaa ukajaa kuliko siku ya chanjo ya mbuzi. Mzee Ntandu alikuja na jicho moja limefumba kabisa na mdomo umevimba, na mwenyekiti hata hajamaliza salamu, yeye ameshasimama.

"Mwenyekiti, kabla ya hizo fomu, nina swali. Mmempiga X baba yangu. Amezikwa pale hawa wahandisi hawajazaliwa. Anahamia wapi?"

Watu wakacheka.

"Msicheke! Nauliza anahamia wapi!"

Mama Pili naye akainuka, kanga kaifunga kiunoni. "Na mimi kibanda nimekivunja kwa mikono yangu hii, mabati yako chini ya kitanda. Madam, ulisema hakibomolewi kitu bila kutuuliza. Kuuliza gani huku?"

"Mama yangu, sisi hatujapiga X yoyote," akasema Madam Rehema, na nikaona kweli anashangaa.

"Basi zimejipiga zenyewe!"

Wakaanza kusimama mmoja mmoja, wanakung'uta nguo, hatusaini, twendeni zetu. Na nikiri hapa kwa kuwa ni daftari langu: nilifurahi. Nikasema moyoni, ondokeni, ondokeni, mkifika nyumbani hakuna atakayejua. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na meza ya wageni, nikamsikia mhandisi wa mkandarasi akifunga faili lake na kumwambia Madam taratibu, "Wakiondoka tunaandika wamekataa kutoa maoni, tunaendelea na ramani ya kwanza." Ramani ya kwanza ndiyo yenye shimo la kifusi juu ya kisima.

Nikanyoosha mkono. Nilisahau huo mkono ulivyo, maana nilikuwa nimeukalia muda wote, rangi imeganda mpaka kwenye kiwiko na mafuta ya taa yalishindwa kuitoa.

"Ndiyo, binti," akasema mwenyekiti. Uwanja mzima ukauangalia mkono wangu.

"Shikamooni," nikasema. "Ni mimi."

"Sauti!"

"NI MIMI NIMEPIGA X!" Ikatoka sauti ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote kumi na sita.

Baba akashusha kofia ikafunika uso wote. Mama Pili akapiga kofi mapaja yake mawili, "Wee mtoto! Nimekukosea nini mimi?" Nikaeleza huku nalia, makamasi na machozi pamoja, kwamba X zangu maana yake ni msiguse, siyo bomoa, na mwanaume mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe mwenzetu ana serikali yake!" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi ningeweza kukaa. Lakini walipokaa wao nikaona, sasa hawaondoki.

"Sijamaliza," nikasema, nikafungua karatasi, nikasoma zote sita. Nilipofika kwenye kisima na kilima, vicheko vikakatika.

Mzee Ntandu akanitazama kwa jicho lake lililobaki. "Kwa baba yangu amekosea," akasema. "Na kwa nyuki zangu amekosea sana. Kwenye kisima hajakosea."

Wakaitikia uwanja mzima. Mhandisi akasema hawezi kubadilisha ramani kwa maneno, anataka kuona kwa macho, basi fomu isisainiwe mpaka kesho saa moja tukutane kilimani, na huyu binti mwenye rangi ndiye atuongoze.

Jioni baba alinipeleka kwa Mzee Ntandu, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Mbele yao na mbele ya daftari hili naapa: neno ambalo napaswa kulisema kwa mdomo sitalipaka tena kwenye kitu cha mtu, hata niogope vipi.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa Mama Pili namshikia mabati, yeye anapiga misumari na kila msumari na tusi lake dogo. Saa moja nikapanda kilimani na ndoo mbili za maji. Mhandisi akaniuliza nina uhakika gani kwamba udongo unashuka upande huu. Nikamwaga ndoo zote mbili kwenye kikorongo kinachoshuka upande ule, na tukasimama wote kuyaangalia yakikimbia, mekundu kwa udongo, moja kwa moja kuelekea kisimani.

Akaniuliza kifusi wakachimbe wapi basi.

"Nyuma ya kilima," nikasema, kwa sauti. "Nifuateni." Nikatangulia.