Aliyeupokea Waya Darini

Utasema nilikuwa na njaa, au joto la bati lilinipanda kichwani. Sema tu, umeshasemwa sana mbele yangu huo uongo. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, ukungu wa mlima Meru umeshuka mpaka kwenye migomba, bati lilikuwa baridi kama sinia la chuma, na mimi nilikuwa nimetoka kunywa chai ya maziwa na maandazi matatu. Hili sikuhadithiwa na mtu. Lilinipata mwenyewe, mchana, na akili zangu zote.

Kazi yangu ni kuvuta nyaya za intaneti majumbani. Naishi Lemara, na ndiyo, ni mwanamke, wateja wengi hushtuka wakiniona na ngazi. Jumamosi moja niliitwa Akheri na mama mmoja, Mama Elibariki. Intaneti alikuwa nayo, imefungwa sebuleni. Shida ni nyumba yao. Ni ndefu, imeongezwa chumba baada ya chumba kwa miaka mingi, kuta nene, kiasi kwamba mtandao ukifika koridoni unakata roho. Kijana wake Elibariki anasoma chuo kwa mtandao, na masomo yake alikuwa anayafuata akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hapo koridoni. Mama akachoka kuiona ile ndoo. Akataka waya upite darini mpaka chumbani kwa kijana, ili nyumba nzima itumie laini ile ile moja.

"Na kile chumba cha mwisho?" nilimuuliza.

"Kile ni cha bibi, mama mkwe wangu. Yeye hataki mambo ya nyaya. Halafu leo hayupo, alisema anaenda Usa River kwa binti yake. Bodaboda wake humfuata alfajiri."

Chumba cha bibi kina mlango wake wa nje, upande wa pili wa nyumba, na pazia lilikuwa limefungwa. Elibariki alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Shika hilo.

Nikapanda darini, tochi kichwani, natambaa kwa magoti. Nilipofika kwenye ukuta wa chumba cha Elibariki, ambao umepanda mpaka kwenye bati, nikatoboa tundu dogo, la waya kupita basi, nikaanza kuusukuma. Nilikusudia nikishasukuma kiasi, nishuke, niende upande wa pili niuvute.

Sikuhitaji kushuka. Waya ulivutwa.

Ulivutwa taratibu, na mtu anayeijua kazi. Nikafurahi. Nikasema, "Elibariki, umerudi? Asante, mdogo wangu."

Nikasikia mtu akikohoa, akasema, "Lete, mwanangu."

Sauti ya mzee. Nami nimelelewa, nikaamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lete tu, usiache."

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni jirani aliyeombwa anisaidie. Nikaendelea kusukuma waya, nao ukaendelea kwenda. Mwishowe nikasema, "Baba, inatosha. Chumba chenyewe ni hapo hapo."

"Haujafika," akanijibu. "Lete."

Nikaleta. Mara waya ukasimama, na ile sauti ikasema, "Umefika. Sasa shuka, mwanangu. Upesi."

Niamini, hiyo "upesi" ndiyo iliyonisisimua mwili. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba.

Nikashuka, nikamkuta Mama Elibariki jikoni anamenya ndizi. "Mama, yule mzee anayenisaidia kule juu ni nani?"

"Mzee gani?" akacheka. "Mzee wa nyumba hii alikuwa baba mkwe wangu, na tulishamzika."

"Huyu anakohoa kwanza, ndipo anasema."

Kicheko kikamwisha. Akaweka kisu chini.

Waya wangu una namba za mita ubavuni. Nikaenda kuziangalia. Mpaka chumba cha Elibariki ni mita tisa, na waya uliokwenda ulikuwa mita ishirini na mbili. Tukaingia chumbani kwa kijana: hakuna waya, hakuna mtu. Mita ishirini na mbili, mama mwenyewe alihesabu kwa hatua, zinaishia chumba cha bibi.

Tulikimbia kwenye mvua. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nikasogeza pazia kwa fimbo kupitia nondo za dirisha, na kitu cha kwanza nilichoona ni waya wangu, unaning'inia kutoka kwenye pembe ya dari. Chini yake, sakafuni, alikuwa bibi.

Mama Elibariki alipiga yowe. Mimi nilipiga mlango kwa nyundo mpaka komeo likang'oka.

Alikuwa hai! Alikuwa ameanguka alfajiri akijiandaa kwa safari, nyonga imevunjika, mwili wa baridi, sauti imekauka kwa kuita. Yule bodaboda alipiga honi, akaona kimya, akaenda zake. Tulimfunika mablanketi, jirani akaleta gari. Tukiwa tunambeba alimshika mkwewe mkono, akanong'ona, "Nilimsikia mzee wangu akikohoa huko juu. Nikajua mnakuja."

Alifanyiwa upasuaji akapona. Sasa anatembea kwa gongo, na ule waya haukurudishwa nyuma. Nilimfungia kifaa chake cha intaneti, na kila jioni anaongea na binti yake wakionana sura. Yeye aliyekataa nyaya!

Lakini ngoja. Nilirudi baada ya siku chache kumalizia kazi, nikapanda juu ya chumba cha bibi. Vumbi la miaka lilikuwa limelala pale, jeupe, zima. Waya ulikuwa juu yake, umenyooka. Hakukuwa na alama ya goti, wala kiganja, wala unyayo. Nilishuka nikaketi kwenye ngazi.

Tangu siku hiyo siingii dari ya mtu kabla ya kupiga hodi. Mafundi wenzangu wananicheka, wacha wacheke. Ila wewe unayenisikiliza, kama una mzazi anayelala chumba chake peke yake, usiseme kamwe, "Atakuwa ameshaondoka." Nenda kagonge. Asipoitika, vunja mlango, komeo hununuliwa.